Riwaya za Kijerumani, 1901 hadi 1932: pa kuanzia na toleo la kushika

Wasomaji wengi wanaoziacha njiani riwaya kuu za Kijerumani za mwanzo wa karne ya ishirini hawajashindwa na ugumu wake. Wamekosea pa kuanzia. Mtu anasikia sifa za Thomas Mann, anatafuta Der Zauberberg (Mlima wa Uchawi), anafika ukurasa wa mia moja na hamsini na kukuta kijana Hans Castorp hajamaliza hata wiki tatu alizokusudia kukaa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa kifua, kule Davos, Uswisi. Anakifunga kitabu na kusema Wajerumani wanachosha. Kitabu hakina kosa. Mann alipanga makusudi wiki hizo za mwanzo zijae kurasa nyingi na miaka ya baadaye ipite kwa haraka, ili msomaji naye apoteze hesabu ya muda kama wagonjwa wanavyoipoteza. Ila hiyo ni hila ya kufurahiwa na mtu aliyekwisha kumzoea mwandishi.

Anza na Buddenbrooks. Mann aliianza mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 22, na mchapishaji wake wa Berlin, Samuel Fischer, alipoupokea mswada alimtaka aupunguze kama nusu. Kijana alikataa. Kitabu kikatoka mwaka 1901 katika juzuu mbili, kikauzwa polepole, hadi toleo la juzuu moja la mwaka 1903 lilipokifikisha kwa wasomaji wengi. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1929 ilimtajia hasa riwaya hii, ingawa Der Zauberberg ilikuwa imeshatoka tangu 1924.

Ni hadithi ya ukoo wa Buddenbrook, wafanyabiashara wa nafaka, kwa vizazi vinne, kuanzia 1835 hadi 1877. Mji haujatajwa jina popote, ila mitaa yake ni ya Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, na wenyeji waliutambua mara moja. Kinachowakwaza wasomaji wapya ni majina: kuna Johann mzee, Johann mwanawe anayeitwa Jean au Konsuli, na kitukuu Hanno ambaye naye jina lake kamili lina Johann ndani yake. Chukua karatasi kabla ya kuanza, uchore nasaba. Juu kabisa mweke Johann mzee. Chini yake Jean na mkewe Elisabeth. Chini yao watoto wanne, Thomas, Christian, Tony na Clara. Kisha chini ya Thomas na mkewe Gerda, mweke Hanno peke yake. Karatasi hiyo ikae ndani ya kitabu. Ukiitazama mara mbili tatu tu, umbo lake litakuonyesha riwaya inakoelekea.

Kitabu kina sehemu kumi na moja, na sura zake nyingi ni fupi. Sehemu moja kwa wiki inatosha. Ukienda taratibu kuliko hapo utasahau nyuzi ndogo ndogo, na nyuzi hizo ndizo zinazobeba kila kitu. Mann ana kawaida ya kumfunga mhusika kwenye alama moja inayorudi tena na tena: vivuli vya bluu kwenye pembe za macho ya Gerda, ambavyo baadaye utavikuta kwa mwanawe, Christian analalamika kila mara juu ya maumivu ya upande wa kushoto, bibi mwalimu Sesemi Weichbrodt anawabariki wanafunzi wake kwa busu la kipaji na maneno yaleyale ya kuwatakia furaha, na kila anayebarikiwa mambo yake yanaharibika. Alama ikitokea mara ya kwanza, ipigie mstari kwa penseli. Fuatilia pia meno. Thomas, seneta wa mji na mtu wa heshima zake, anang'olewa jino, taji linavunjika mkononi mwa daktari, anatoka bila kumaliza matibabu na kuanguka kifudifudi barabarani kwenye tope la theluji, glavu zake nyeupe zikaingia dimbwini. Aliyekuwa akihesabu meno mabovu tangu mwanzo hashangai.

Fuatilia na pesa vilevile. Kila ndoa katika riwaya hii ina hesabu yake. Tony anaozwa kwa Grünlich wa Hamburg akiwa na mahari ya maelfu ya mark iliyotolewa na baba yake, kwa maana kule mahari inatoka upande wa bibi arusi. Konsuli, kwa uangalifu wote wa mfanyabiashara, alivikagua vitabu vya hesabu vya mkwe mtarajiwa na kuridhika navyo. Vilikuwa vimeghushiwa. Grünlich anapofilisika, ndipo inapobainika alikuwa akifuata nini tangu mwanzo. Baadaye Thomas naye ananunua mavuno ya shamba la Pöppenrade yakiwa bado yamesimama kondeni, jambo ambalo baba na babu yake wasingeligusa. Taarifa kwamba mvua ya mawe imeyateketeza inamfikia tarehe 7 Julai 1868, siku kampuni inapoadhimisha miaka mia moja, wageni wakiwa wamejaa nyumbani.

Sasa mahali ambapo hata wasomaji makini hupitwa. Sura ya pili ya sehemu ya kumi na moja ni ndefu kuliko kawaida, nayo inaeleza siku moja tu ya Hanno shuleni, saa kwa saa: hofu ya kuitwa mbele, walimu wakali na walimu wanyonge, kisha jioni kijana anapiga piano peke yake. Unafungua sura ya tatu ukitazamia kesho yake. Badala yake unakuta maelezo makavu ya homa ya matumbo: mgonjwa hupatwa na nini wiki ya kwanza, nini wiki ya pili, joto hupanda hadi wapi, daktari huamuru maji ya baridi lini. Jina la Hanno halipo hata mara moja. Sura ni fupi, na Mann alichota sehemu kubwa ya maelezo yake kwenye ensaiklopidia ya Meyer. Sura ya nne inapoanza, wanawake wa ukoo wamekaa pamoja na mtoto amekwisha kuzikwa. Anayesoma kwa kurukaruka huirejea nyuma akitafuta kifo hakioni, kumbe ameshakipita. Soma aya ya mwisho ya sura hiyo ya ugonjwa polepole. Pale daktari anapokoma kuwa na la kufanya, mwandishi anasema sauti ya uhai humwita mgonjwa arudi, na yote hutegemea kama mgonjwa ataitikia au ataikimbia. Ukiikumbuka siku ile ya shule, jibu unalo tayari. Sijui mwandishi mwingine wa umri wa miaka 25 aliyekuwa na ujasiri wa kumwua mtoto wake mpendwa namna hii.

Kwa Kiingereza kuna tafsiri mbili za kuangalia: ya H. T. Lowe-Porter ya mwaka 1924 na ya John E. Woods ya 1993. Chukua ya Woods. Ile ya zamani ina lugha nzuri mahali pengi, lakini imefupisha na kukosea mahali ambapo wataalamu wamepaonyesha. Hali ni hiyohiyo kwa Der Zauberberg, ambayo Lowe-Porter aliitafsiri 1927 na Woods 1995. Huko tofauti inaonekana zaidi, kwa sababu katikati ya kitabu kuna mazungumzo marefu ya mapenzi usiku wa kanivali ambayo Mann aliyaandika kwa Kifaransa na Lowe-Porter akayaacha hivyo. Asiyejua Kifaransa akishika tafsiri ya kale atakwama palepale ambapo kitabu kizima kimekuwa kikielekea.

Franz Kafka ana shida ya namna nyingine kabisa, na inamhusu hata anayesoma Kijerumani vizuri. Der Process (Kesi) si kitabu alichokimaliza. Alianza kukiandika Agosti 1914, wiki chache baada ya uchumba wake na Felice Bauer kuvunjika Berlin, na akaacha Januari 1915. Aliandika sura ya kwanza na ya mwisho mapema, kisha akawa anajaza katikati, kila sura katika fungu lake la karatasi, nyingine kamili na nyingine zimekatika. Hakuzipa namba. Alipofariki mwaka 1924 rafiki yake Max Brod akazipanga kwa kadiri alivyoona, akaweka kando alizoziona hazijakamilika, na mwaka 1925 akachapisha kitabu chenye sura kumi kilichoonekana kizima.

Kwa hiyo kabla hujaumiza kichwa kutafuta kwa nini jambo fulani linatangulia lingine, jua umeshika mpangilio wa nani. Kipimo chepesi ni sura inayomhusu rafiki wa Bi. Bürstner, mpangaji mwenzake mhusika mkuu Josef K. Ikiwa ni sura ya nne, umeshika mpangilio wa Brod. Ikiwa iko mwisho pamoja na vipande visivyokamilika, umeshika toleo la uhakiki, lililorudi kwenye mswada wenyewe, la Malcolm Pasley la mwaka 1990, au tafsiri inayolifuata, kama ile ya Breon Mitchell ya 1998. Tafsiri ya Willa na Edwin Muir ya 1937 ni ya Brod. Hali kadhalika ile ya bure ya David Wyllie iliyopo mtandaoni. Mwaka 1997 likatoka toleo linaloonyesha picha za mswada wenyewe, kila fungu katika kijitabu chake, vijitabu kumi na sita ndani ya kasha, msomaji ajipangie. Mswada uko Marbach, kwenye hifadhi ya fasihi ya Ujerumani, ulikonunuliwa kwa ajili yake kwenye mnada London mwaka 1988.

Ushauri wangu: soma toleo la Pasley au la Mitchell, na usiviruke vile vipande vya mwisho. Josef K. anakamatwa siku anapotimiza miaka 30 na kuuawa usiku wa kuamkia miaka 31. Kati ya siku hizo mbili mengi yanaweza kuhamishwa bila kitabu kubomoka, na ukishalijua hilo utaacha kukisoma kama hadithi ya upelelezi inayokaribia jibu. Na usiharakishe kugeuza mahakama inayomshtaki kuwa fumbo la dini au la siasa. Kafka alikuwa mwanasheria katika shirika la bima ya ajali za wafanyakazi Prague. Ofisi zenye hewa nzito kwenye dari za nyumba za maskini, mawakili wanaoandika maombi yasiyosomwa, watu waliozoea kusubiri kwenye korido: hayo ni macho ya mtu aliyezijua ofisi kwa ndani. Aliyewahi kufuatilia faili kutoka dirisha hadi dirisha atayaelewa bila mhakiki.

Kwa wasomaji wa Tanzania, Rwanda na Burundi, riwaya ninayoisisitiza ni Der Untertan (Raia Mtiifu) ya Heinrich Mann, kaka yake Thomas. Dola inayochorwa humo ndiyo ileile iliyokuwa na magavana Dar es Salaam, na humo unaiona ikiwa nyumbani kwake. Diederich Heßling ni mwenye kiwanda cha karatasi, mnyenyekevu kwa wakubwa na mkatili kwa walio chini yake, anayechonga sharubu zake zielekee juu kama za Kaisari Wilhelm wa Pili. Huko Berlin anamkimbilia Kaisari aliye juu ya farasi, anateleza na kukaa kitako ndani ya dimbwi. Iliandikwa kabla ya vita. Gazeti lililokuwa likiichapisha kwa sehemu lilisimama Agosti 1914 vita vilipoanza, na kitabu hakikutoka kwa umma hadi mwishoni mwa 1918, ufalme ulipokwisha kuanguka. Inasomeka kwa kasi, na inachekesha.

Erich Maria Remarque hahitaji maandalizi. Im Westen nichts Neues, riwaya yake ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitoka gazetini mwishoni mwa 1928 na kuwa kitabu Januari 1929. Ina sura kumi na mbili, na kwa siku mbili unaimaliza. Angalia tu aya zake za mwisho: kitabu chote kinasimuliwa na Paul Bäumer kwa nafsi ya kwanza, kisha sauti inabadilika kuwa ya mtu mwingine. Usisome mistari hiyo mapema. Radetzkymarsch ya Joseph Roth (1932), hadithi ya ukoo mmoja katika dola ya Austria-Hungaria inayoporomoka, nayo ni nyepesi kuisoma, na kwa uzuri wa sentensi naiweka mbele ya karibu zote hizi.

Berlin Alexanderplatz ya Alfred Döblin (1929) iwe ya mwisho. Franz Biberkopf anatoka gereza la Tegel na kupanda tramu namba 41 kuingia mjini, na kuanzia hapo matangazo ya biashara, taarifa za hali ya hewa, nyimbo, Biblia na hesabu za machinjio vinaingiliana na hadithi bila onyo. Kosa la kawaida ni kuviruka vipande hivyo ili kumfuata Franz. Sura za machinjioni hasa zisirukwe, kwa sababu ndizo zinazomdokezea msomaji mapema yale Franz atakayofanyiwa na Reinhold, mhalifu anayefanya naye urafiki. Isome kwa sauti. Kijerumani chake ni cha mitaani Berlin, na anayejifunza lugha darasani atakwama. Kwa Kiingereza, tafsiri ya Michael Hofmann ya 2018 inashika mwendo huo vizuri kuliko ile ya Eugene Jolas ya 1931.

Maandishi ya Kijerumani ya Buddenbrooks na Der Process yanapatikana bure Project Gutenberg, na kwa vitabu vya kushika mkononi, anza kuulizia maktaba za Goethe-Institut Nairobi na Dar es Salaam. Ukipewa nakala, fungua kwanza ukurasa wa hakimiliki uangalie jina la mtafsiri na mwaka.