Dawa ya nywele katika nyumba yenye paka

Minoksidili ilianza kama dawa ya presha, ya kumeza. Waliokuwa wakiitumia wakaota nywele hata mahali wasipozitaka, ndipo ikatengenezwa ya kupaka kichwani, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1988. Naanzia hapo kwa sababu hapa Lamu wengi wetu twaichukulia kama mafuta ya urembo. Ni dawa, yapanua mishipa ya damu, na kiasi chake hupenya ngozini.

Nywele zangu zilikuwa zikipungua utosini, njia ya katikati ikipanuka mwaka hadi mwaka. Daktari alipima damu kwanza, kuangalia upungufu wa madini ya chuma na tezi ya shingo, akauliza kama nimejifungua karibuni na kama nasuka kwa kubana. Nywele za baada ya uzazi kwa kawaida hurudi zenyewe, hazitaki dawa hii. Hali yangu ilikuwa ya ukoo; mama anayo, na khalati zangu wanayo.

Akaniandikia ya povu, asilimia 5, nusu kifuniko mara moja kwa siku. Kuzidisha hakuharakishi kitu, huongeza madhara tu.

Kilichonitaka akili ni saa. Dawa yataka kichwa kikavu, kisiguswe na maji kwa kama saa nne, nasi twatawadha mara tano kwa siku. Kwa hiyo napaka baada ya isha. Naosha vidole kwa maji baridi na kuvikausha, maana kwa joto letu povu huyeyuka mkononi kabla halijafika utosini. Napaka kwenye ngozi, si kwenye nywele, kisha nanawa kwa sabuni. Chetezo cha udi hakikaribii, kwani povu lina spiriti na hushika moto. Silali mpaka ikauke kabisa: ikihamia kwenye mto wa kulalia hufika usoni, na uso ukaota malaika, vile vinyweleo laini. Hadi alfajiri, saa nne zimekwisha pita.

Kisha kuna paka. Mji wetu ni wao kama ulivyo wetu, na wa nyumbani kwetu amezoea kulala begani mwangu. Minoksidili, hata kidogo tu, yaweza kumuua paka: huharibu moyo, mapafu yakajaa maji, na hakuna dawa ya kuizima sumu hiyo. Inatosha alambe kichwa, mkono au foronya. Ingekuwa hakuna njia ya kumtenga, nisingeianza dawa hii. Sasa mlango wa chumba changu hufungwa tangu isha, nafunga leso ya zamani kichwani, na leso na foronya hufuliwa mbali na nguo nyingine. Pamba au karatasi niliyofutia siitupi uchochoroni, naifunga ndani ya mfuko. Kopo tupu halichomwi na takataka, kwa kuwa lina gesi na litapasuka.

Mama alitaka niendelee na mafuta ya nazi. Tukakubaliana yawe ya ncha za nywele, na asubuhi, ili ngozi ya utosi ibaki safi.

Wiki za mwanzo nywele zilianguka zaidi. Daktari alikuwa ameniambia, kwa hivyo sikuacha. Zile za zamani hupisha mpya. Vinyweleo vilianza kuonekana karibu na mwezi wa nne. Lakini moyo ukienda mbio, kizunguzungu, maumivu ya kifua, au miguu na mikono kuvimba, hapo ni kuacha siku hiyo hiyo na kwenda hospitali.

Shoga yangu anayenyonyesha aliniomba nimpunguzie kidogo. Nilikataa, kwa sababu haifai kwa mja mzito wala anayenyonyesha, nikampeleka kwa daktari yule yule. Yangu nami sitaikatiza, maana ukiacha, kilichoota huanguka ndani ya miezi michache. Kopo likifika nusu, namwagizia binamu lingine Mombasa.