Siku moja fildi: mwanafunzi wa saikolojia kazini, saa kwa saa

Sisi tunaosimamia wanafunzi wa saikolojia wakiwa fildi huulizwa kila msimu: mwanafunzi anafanya nini hasa kutwa nzima? Hii hapa siku ya kawaida katika kitengo cha saikolojia cha hospitali, kwa mwanafunzi aliyekwishamaliza wiki za mwanzo za kuzoea mazingira. Aliyepangiwa shuleni, gerezani au ofisi ya rasilimali watu atakuta vipimo vingine na fomu nyingine. Kazi ya msingi ni ileile: kutenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na ulichokifikiria wewe. Darasani tofauti hiyo inaeleweka kwa dakika 10. Kuishika mbele ya mtu anayelia huchukua miezi.

Saa 1:30 asubuhi

Mwanafunzi anafika nusu saa kabla ya kikao cha timu ili asome mafaili ya wateja wa siku. Mpangilio wa kusoma una maana yake: kwanza sababu ya rufaa, kisha dawa anazotumia mteja, kama aliwahi kujidhuru, na noti ya mwisho. Jina la ugonjwa lisomwe mwishoni. Ukianza na neno "sonona" (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), kila mteja anaponyamaza utaona sonona, hata kama amenyamaza kwa sababu hajalala au hakuelewa swali. Kabla ya kufunga faili, andika maswali mawili ambayo halijayajibu.

Saa 2:00 asubuhi

Kikao cha timu: daktari, wauguzi, ofisa ustawi wa jamii, mwanasaikolojia. Mwanafunzi akipewa nafasi ya kumweleza mteja, ana dakika 2. Aseme umri, sababu ya kuletwa, kilichobadilika tangu kikao kilichopita na anachoomba timu iamue. Wengi huanzia utotoni mwa mteja na muda unakwisha kabla hawajafika jana.

Saa 3:00 asubuhi

Mteja mpya. Msimamizi ndiye anayeongoza mahojiano, mwanafunzi anaketi na kuangalia. Ridhaa ya mwanafunzi kuwepo iombwe kabla hajaingia chumbani. Mteja akiulizwa huku mwanafunzi amekwishakaa na kalamu mkononi, ni vigumu kukataa, na ridhaa ya namna hiyo haina uzito.

Kiti cha mwanafunzi kiwe mahali ambapo mteja anamwona bila kugeuza shingo, lakini kisikae kati ya mteja na msimamizi. Usikae nyuma ya mteja. Mtu anayezungumzia mambo mazito asiwe na sababu ya kujiuliza aliye mgongoni mwake anafanya nini.

Msimamizi anaanza na mipaka ya usiri: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, isipokuwa pale ambapo maisha ya mteja au ya mtu mwingine yamo hatarini, mtoto anaponyanyaswa, au sheria inapolazimisha. Mwanafunzi asikilize jinsi maneno hayo yanavyosemwa, kwa sababu siku chache zijazo atayasema yeye. Yasemwe mwanzoni, kwa lugha nyepesi, kisha mteja aombwe kueleza alivyoelewa. Ukiyasema baada ya mteja kufunguka, atahisi ametegwa. Wajibu wa kumlinda mtu wa tatu nao una historia: uamuzi wa Mahakama ya Juu ya California wa 1976, katika kesi ya Tarasoff, mwanamke aliyeuawa na mtu aliyekuwa amemweleza mwanasaikolojia wake nia hiyo, ndio uliowafanya wataalamu wa nchi nyingi kujadili kwa uzito lini usiri unapaswa kuvunjwa. Ila kinachokubana wewe ni sheria ya nchi unakofanyia kazi, na nakala yake iwe mezani kwako tangu wiki ya kwanza.

Saa 4:00 asubuhi

Mahojiano yamekwisha baada ya kama dakika 50. Sasa ni kuandika, na hii ndiyo saa tunayoithamini kuliko zote za asubuhi.

Vitengo vingi hutumia noti yenye sehemu nne: anachosema mteja, kinachoonekana, tathmini, mpango. Noti ya kwanza ya mwanafunzi karibu kila mara husomeka hivi:

"Mteja alikuwa na huzuni na hakutaka kutoa ushirikiano."

Hapo hakuna alichokiona wala alichokisikia. Kuna hukumu mbili tu. Tunamrudishia, na noti ya pili inatoka hivi:

"Mteja alijibu kwa neno moja au mawili. Alitazama sakafuni kwa muda mwingi wa mahojiano. Alilia alipotajiwa mwanawe, akasema: 'Nimechoka kueleza.' Maswali kuhusu kazi aliyajibu kwa sentensi ndefu na kwa sauti ya kawaida."

Noti hii ya pili inamsaidia hata mtu ambaye hakuwepo. Inaonyesha kwamba mteja anaweza kuzungumza vizuri, ila si juu ya kila jambo. "Hakutaka kutoa ushirikiano" kungeliua jambo hilo, na mtaalamu atakayefuata angeingia chumbani akijiandaa kupambana na mkaidi.

Andika ndani ya saa moja. Ukingoja jioni, maneno ya mteja yatageuka kuwa maneno yako, na alama za kunukuu zitakuwa za uongo. Kosa lipigwe mstari mmoja unaoacha neno lisomeke, kisha saini na tarehe. Usifute, usipake rangi nyeupe. Na kumbuka kwamba mahali pengi mteja ana haki ya kuliona faili lake. Sentensi ambayo usingethubutu kuisoma mbele yake iandike upya.

Saa 5:00 asubuhi

Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, kwa mteja wa marudio. Linaonekana rahisi, na wanafunzi hulikosea kwa urahisi huohuo. Lina vipengele 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila kimoja alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Alama 5, 10, 15 na 20 ndiyo mipaka ya dalili hafifu, za wastani, za wastani kuelekea kali, na kali. Alama 10 na zaidi zinadai uchunguzi wa kina. Peke yake dodoso halithibitishi ugonjwa.

Makosa tunayoyakuta ni yaleyale. Mwanafunzi anajumlisha swali la ziada linalofuata vile vipengele 9, lile la jinsi dalili zinavyotatiza kazi na maisha ya nyumbani, ilhali halimo katika alama. Anasahau kumkumbusha mteja kuhusu wiki 2, naye mteja anajibu kwa kufikiria mwaka mzima. Anamsomea mteja asiyejua kusoma huku akifafanua kila sentensi kwa maneno yake, na dodoso linageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Kosa zito liko kwenye kipengele cha 9, kinachohusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mwanafunzi anashusha sauti, anaharakisha, au anauliza: "Hujafikiria kujiua, sivyo?" Swali hilo limekwishajijibu. Mteja anajua anatakiwa kusema hapana, na anasema hapana. Kiulize kama vingine, kwa sauti ileile na kasi ileile, kisha nyamaza. Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo la kujiua.

Jibu lolote linalozidi 0 hapo halisubiri kesho. Mwanafunzi habaki nalo peke yake, wala hamwachi mteja peke yake kwenda kumtafuta msimamizi: anapiga simu, au anatumia ishara waliyokubaliana tangu wiki ya kwanza. Msimamizi ndiye anayefanya tathmini ya hatari. Kama inafaa mteja kurudi nyumbani, wanaandika pamoja mpango wa usalama uliobuniwa na wanasaikolojia wa Marekani Stanley na Brown, wenye hatua 6: dalili za kuonya, mambo anayoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, watu wa kumwomba msaada, wataalamu wa kuwapigia, na kuondoa vitu vya hatari alipo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu inalazimu kumuuliza mtu moja kwa moja angetumia nini na kiko wapi. Isirukwe.

Saa 6:30 mchana

Chakula, mbali na mafaili. Wateja hawazungumzwi mezani, hata bila majina.

Saa 7:15 mchana

Kipimo cha uwezo wa akili kwa mtoto. Kabla ya chochote, umri. Ripoti nyingi zinaharibikia hapa, kwa kuwa alama husomwa kwenye jedwali la umri. Tuseme mtoto alizaliwa 25/8/2015 na anapimwa 10/3/2024. Siku 10 haitoi 25, kwa hiyo unakopa mwezi mmoja wa siku 30: 40 kutoa 25 ni 15. Mwezi sasa ni 2, haitoi 8, unakopa mwaka: 14 kutoa 8 ni 6. Mwaka 2023 kutoa 2015 ni 8. Mtoto ana miaka 8, miezi 6, siku 15, na siku hizo 15 hazimpandishi kwenda mwezi wa 7. Piga hesabu mara mbili, kwa karatasi.

Katika zoezi la kurudia tarakimu, zisome moja kwa kila sekunde, bila kuzifunga makundi kama mtu anayetaja namba ya simu. Ukizifunga, umemsaidia. Mtoto akiomba urudie, hurudii. Usiseme "vizuri sana" kila anapopatia, maana siku ya kukosea atasikia ukimya wako. Sifu juhudi, si jibu.

Pembeni ya fomu andika unachokiona: alisugua macho tangu zoezi la tatu, aliuliza mara kadhaa kama mama yake yupo nje. Alama zikitoka chini, mistari hiyo ndiyo itakayoeleza kama ni uwezo au ni uchovu. Fomu na vifaa vya kipimo havipigwi picha wala kutolewa nakala. Kipimo kilichozagaa kimekufa kwa kila mtoto atakayekuja.

Saa 9:30 alasiri

Saa ya usimamizi. Mwanafunzi alete dakika 5 za sauti iliyorekodiwa kwa ridhaa ya maandishi, au mazungumzo aliyoyaandika neno kwa neno, pamoja na swali moja. "Nilifanyaje?" si swali. "Kwa nini nilibadilisha mada alipomtaja baba yake?" ni swali, na linaweza kujaza saa nzima.

Kuna ugumu ambao vyuo huukwepa: msimamizi huyohuyo ndiye anayetoa alama. Kwa hiyo wanafunzi huleta yaliyowaendea vizuri na kuficha yaliyowatatiza, na mteja ndiye anayeumia. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi wiki ya kwanza: nini kinahesabiwa kwenye alama na nini hakihesabiwi. Kuleta shaka kihesabiwe kama ustadi. Brigid Proctor, mkufunzi wa ushauri nasaha wa Uingereza, aliyataja majukumu matatu ya usimamizi: kulinda viwango, kufundisha, na kumpa nguvu anayesimamiwa. La tatu ndilo la kwanza kukatwa siku ikijaa kazi, ilhali sisi tunaona ndilo linalopaswa kuwa la mwisho kukatwa kwa mwanafunzi aliyetoka kusikia habari za kifo asubuhi.

Saa 10:30 jioni

Mafaili kabatini, kabati lifungwe, kompyuta izimwe. Kisha daftari la saa: saa za kukaa na mteja safu yake, saa za kuandika, kupima alama na kusimamiwa safu nyingine. Lijazwe leo na lisainiwe kila wiki. Anayesubiri mwisho wa muhula hujaza kwa kubahatisha, safu mbili zinachanganyika, na chuo kikizilinganisha na daftari la miadi la kitengo, saa alizozifanya kweli hukataliwa pamoja na zile za kukisia.