Kesho kutwa yake ndo kazi: mimi, mlima Wanale na mapaja yangu

Mazoezi yenyewe hayajawahi kunisumbua sana, kinachonisumbua ni kesho kutwa yake. Nikipanda Wanale Ijumaa asubuhi basi Ijumaa yote niko vizuri, Jumamosi naanza kusikia kitu kwenye mapaja, Jumapili hata kukaa kwenye kiti ni mpaka nijipange. Walioko Mbale, huku mashariki mwa Uganda, wanaujua ule mlima, umesimama hapo juu ya mji, siku hizi kila mtu anaupanda, wa jimu na wasio wa jimu, na kila wiki kuna mtu anaanza afu wiki ya pili humwoni tena. Ukimuuliza anakwambia bana miguu imekataa. Mimi bado naupanda ndo maana naandika hapa jinsi ninavyofanya.

Kwanza tuongelee choo, maana hili hakuna kocha anayekwambia. Kwetu choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Mtu aliyepiga skwati nyingi juzi aingie mle leo ndo atajua dunia ina mambo, unashika ukuta unashuka polepole, ukifika katikati mapaja yanaanza kutetemeka na hapo kwenda chini huwezi na kurudi juu huwezi. Nikachukua kipande cha bomba pale dukani (nauza hadwea) nikamwambia fundi anifungie ukutani, akacheka sana, akauliza kuna mgonjwa nyumbani? Nikamwambia mgonjwa ndo mimi. Sasa hivi hata Mama akija kututembelea anakishika. Kwenye swala pia ni hivo hivo, kwenda sijda sio mbaya, kuinuka ndo shughuli, siku hizo naweka mikono yote chini nainuka nayo na sioni aibu.

Kitu kingine ni malaria. Hapa Uganda ukisema tu mwili unauma kila mtu ameshakuwa daktari. Vijana wa dukani wananiona nashuka ngazi ya stoo kinyumenyume wananiambia boss hiyo malaria usicheze nayo, kameze dawa. Mi sikumeza, nilienda kliniki wakanitoboa kidole, hamna kitu. Lakini tangu hapo najua kutofautisha, maumivu ya mazoezi yanakaa palepale ulipopafanyisha kazi, ukibonyeza panauma, ukitulia hayapo, na hayaji na homa wala kutetemeka kwa baridi wala kichwa kugonga. Ukiwa na homa nenda kapime hata kama jana ulibeba vyuma vya jimu nzima, usijitibu kwa kukisia.

Sasa kwa nini yanachelewa. Wengi jimu watakwambia ni asidi imejaa kwenye misuli, lakini ile inaondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya kuacha mazoezi, itakuumaje siku ya pili? Kinachouma ni nyuzi ndogondogo za msuli zimechanika kidogo, mwili unaanza kuzitengeneza, panavimba ndani kwa ndani, na kazi hiyo inachukua muda, kwa hiyo maumivu yanaanza kama saa 12 mpaka 24 baadaye na yanakuwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu. Hata sio habari mpya, kuna Mmarekani anaitwa Theodore Hough aliandika tangu 1902 kwamba inaonekana ni kuchanika ndani ya msuli.

Na hapa ndo penye siri yenyewe, kinachochana zaidi sio kupanda, ni KUSHUKA. Ukipanda msuli unajikunja ukivuta, ukishuka paja linafanya kazi ya breki, linavutwa huku limejikaza, na msuli hauipendi hiyo kazi kama haujaizoea. Ndo maana mtu anafika juu ya Wanale amechoka lakini anacheka, anateremka anaongea na simu akidhani amemaliza, kumbe kule kuteremka ndo kunamtengenezea Jumapili yake.

Kwa hiyo nilipojua hivo nikageuza mambo. Nilikuwa napanda kwa miguu nashuka na boda. Watu walinicheka, mwanaume mzima analipia kushuka mlima! Na wale jamaa wa boda wakifika kwenye mteremko wanazima injini kuokoa mafuta, pikipiki inashuka na breki tu na dua zako, kwa hiyo mapaja yalipona lakini moyo ndo ulifanya mazoezi. Baadae nikawa nashuka kipande kidogo kwa miguu afu napanda boda, wiki nyingine kipande kirefu zaidi, hivo hivo taratibu mpaka boda nikaachana nayo. Maumivu hayakuisha lakini yalibaki ya kuvumilika, yale ya kukumbusha tu.

Nilipomsimulia Mama wala hakushangaa. Akasema "Mwanangu, wewe hujui jembe? Mvua ya Machi ikinyesha siku ya kwanza ya kulima mgongo wote unakatika, siku inayofuata ninyi vijana mnalala, mimi naenda nalima mstari mmoja mdogo narudi. Wiki ikiisha hakuna kinachouma." Na ndo ilivyo kweli, msuli ukishaumia mara moja kwa kazi fulani unajijenga, ukirudia kazi ileile ndani ya wiki chache hauumii kama mwanzo. Angalia wale wanaoshusha matoke kutoka mlimani, mzigo kichwani na ndala miguuni, hawachechemei. Ila ukikaa muda mrefu bila kufanya unaanza upya, mimi Ramadhani ikiisha huwa narudi kwenye nusu ya mlima, sitaki ushujaa.

Siku zenyewe za maumivu silali. Ule mstari mmoja wa Mama ndo dawa, natembea kwenda dukani badala ya kupanda boda, nikitoka nyumbani nachechemea nikifika sokoni miguu imeshapata moto inakubali, jioni ikipoa inauma tena lakini sio sana. Kama ni miguu inauma napiga pushapu, kama ni kifua kinauma natembea. Nisichofanya ni kurudia mazoezi mazito kwenye msuli uleule wakati bado unauma, unakuwa hauna nguvu yake yote na hapo ndo watu wanaumia goti. Pia nilihamisha mlima kutoka Jumapili ukaja Ijumaa, maana zamani makali yote yalikuwa yananikuta Jumanne na lori la simenti limefika, sasa yananikuta Jumapili duka limefungwa. Hicho kibadiliko kidogo kimenisaidia kuliko dawa yoyote.

Dawa nazo. Watu wengi wanakimbilia diklofenaki, ile ya kutuliza maumivu, duka la dawa, wanaimeza kama pipi. Mi naogopa, mtu umetoka jasho, maji hujanywa, afu unaongeza hicho kwenye figo. Kukiuma sana nameza panadol, mara nyingi hata hiyo simezi. Kukandwa kunasaidia, mke wangu anakanda vigimbi huku ananitukana kwa upole, wala sijali. Kujinyoosha napenda kwa sababu nasikia raha, lakini nisikudanganye kwamba kunazuia, wataalamu wa Cochrane, wale wanaochambua tafiti za afya, walikusanya tafiti mwaka 2011 wakakuta tofauti yake ni ndogo mno. Kula nakula kawaida, maharage, mukene (dagaa wetu), yai kwenye rolex, ile chapati ya kukunja.

Kitu kimoja ndo sifanyii mzaha, mkojo. Ukifanya mazoezi makali afu mkojo ukatoka mweusimweusi rangi ya soda ya kola, au mguu umevimba umekuwa mgumu na hauna nguvu kabisa, hiyo sio ya kungoja kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo, msuli ukivunjika sana uchafu wake unaziba figo. Na maumivu yakipita wiki nzima bila kupungua, au yako ndani ya kiungo upande mmoja tu, hayo sio haya ninayoandika.

Kule jimu kuna vijana wakiona mtu hachechemei wanasema hajafanya kitu, afu wanakutajia Cheptegei, yule mkimbiaji wetu wa Uganda, sijui wanadhani ile dakika 26 na sekunde 11 ya mita 10,000 kule Valencia aliipata kwa kuchechemea. Mimi sipimi tena mazoezi kwa maumivu, napima kwa kama nimefika juu bila kusimama pale kwenye kona.

Saa hii binamu yangu ananisumbua tutembee kutoka Sipi kuteremka mpaka Muyembe, anasema ni rahisi, ni mteremko tu. Nimemwambia tutaenda, ila mara ya kwanza tunaishia njiani tunadandia taksi, na asipange kitu chochote Jumapili.