Alama ya 5G, mwendo wa konokono: nilivyoipata kasi niliyoilipia

Ruta ilikuwa inaonyesha 5G na vijiti vitatu, lakini saa tatu usiku kasi ilikuwa Mbps 6 (megabiti 6 kwa sekunde) na simu za video zilikuwa zinaganda kila dakika. Kifurushi ni cha Mbps 50. Nyumba iko Dar es Salaam, kama mita 700 kutoka mnarani, ndani kabisa ya eneo ambalo ramani ya kampuni imelipaka rangi ya 5G. Huduma kwa wateja walitoa jibu lile lile mara tatu: zima, subiri dakika tano, washa. Haikusaidia, kwa sababu matatizo yalikuwa manne yaliyopandana, na matatu kati yake yalikuwa ndani ya nyumba.

Cha kwanza ni kutoiamini alama. 5G nyingi inayofungwa sasa inaegemea 4G: kifaa kinajisajili kwanza kwenye 4G, halafu ndipo kinaongezewa 5G juu yake. Mnara wa 4G ukitangaza kwamba unayo 5G, kifaa kinaweza kuiandika kwenye kioo hata kama data yote bado inapita 4G. Vijiti navyo kila mtengenezaji anavihesabu apendavyo.

Namba za kweli ziko ndani ya ruta. Unganisha simu kwa Wi-Fi, fungua kivinjari, andika anwani iliyochapwa kwenye karatasi chini ya ruta (mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1), kisha tafuta ukurasa wa hali ya mtandao. Kwenye simu, nyingi za Android zinafungua kwa *#*#4636#*#* na iPhone kwa *3001#12345#*. Soma namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: −80 ni nzuri sana, −100 ya kuvumilia, ikishuka chini ya −110 jiandae kwa shida. SINR ni usafi wake: juu ya 20 ni safi, 10 inatosha kwa kazi nyingi, chini ya 0 ni kelele tupu. Nikiambiwa nichague moja, nachagua SINR. Mawimbi yenye nguvu yaliyochafuliwa na mnara wa pili ni kama spika za harusi mbili kwenye mtaa mmoja: sauti ipo tele, maneno huyasikii.

Tatizo la kwanza lilikuwa mahali: ruta ikiwa kwenye kabati la TV ilisoma RSRP −112 na SINR 1. Hapo hata mnara ungekuwa mtupu usingepata kitu. 5G ya masafa ya 3500 MHz ina wimbi lenye urefu wa sentimita 8.5 hivi, na wimbi fupi namna hiyo halipendi kuta za tofali za simenti, bati wala vioo vya rangi vinavyoakisi jua. Kwenye nyumba kongwe za mawe za pwani, zenye kuta nene, usitegemee lipite kabisa. 4G ya 800 MHz inapenya vizuri zaidi, ndiyo maana jirani mwenye simu ya zamani ya 4G anaweza kukushinda kasi ukiwa wewe na ruta mpya.

Nilihamishia ruta dirishani upande wa mnara na namba hazikubadilika sana: −108. Mchawi, na ndilo tatizo la pili, alikuwa wavu wa mbu. Matundu ya wavu ni kama milimita moja na nusu. Wavu ukiwa wa chuma au aluminiamu, kwa wimbi la sentimita 8 ule ni ukuta. Kuujua ni rahisi, na usitumie sumaku, maana aluminiamu haishiki sumaku. Kunja kona ndogo ya wavu kwa vidole: ikibaki imekunjika ni metali, ikirudi yenyewe ni nyuzi za plastiki. Wangu ulibaki umekunjika, ingawa ulikuwa umepakwa rangi ya kijivu na kuonekana kama plastiki kabisa. Niliutoa kwenye fremu ya dirisha hilo moja na kufunga wa nyuzi. RSRP ikapanda hadi −94. Tofauti ya desibeli 14 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ni nguvu mara 25. Nondo za dirisha hazikuleta shida kubwa, kwa sababu nafasi kati yake ni pana kuliko wimbi.

Baada ya hapo ni kusogeza kidogo kidogo. Kwa kuwa wimbi ni fupi, upana wa kiganja unatosha kubadilisha matokeo. Sogeza, subiri dakika moja namba zitulie, andika, sogeza tena. Geuza pia uso wa ruta, kwa sababu antena zake hazipokei sawasawa pande zote. Sehemu niliyoishia ni kingo ya kushoto ya dirisha, ruta ikiwa imeinuliwa juu ya kopo la rangi la lita nne: −91, SINR 14. Katikati ya dirisha, pale ambapo kila mtu angeiweka, SINR ilikuwa 6. Na isikae juani. Ruta ikichemka inapunguza kasi yenyewe.

Tatizo la tatu lilikuwa bendi, yaani fungu la masafa, ya 4G inayobeba 5G. Ruta ilipenda kushika 800 MHz kwa sababu ndiyo iliyosikika kwa nguvu zaidi, lakini mnara wangu ulikuwa hauiongezei 5G. Uliiongezea 1800 MHz tu. Matokeo yake alama ya 5G inakuja na kupotea, na kila ikipotea simu ya video inakatika. Kwenye mipangilio ya mtandao nilichagua bendi namba 3, yaani 1800 MHz, nikaondoa alama kwenye namba 20, yaani 800 MHz, na 5G ikatulia. Ruta nyingi zinazouzwa na kampuni zimefichwa ukurasa huu. Ikiwa hivyo, kuhamisha ruta upande mwingine wa nyumba wakati mwingine kunailazimisha ishike bendi nyingine. Ukiibana ruta kwenye bendi moja, kumbuka kwamba bendi hiyo ikizimwa mnarani, huna mtandao mpaka urudishe nyingine.

Wi-Fi nisiipitie kwa urefu. Pima kwanza kwa waya wa LAN, ule unaounganisha kompyuta na ruta moja kwa moja. Waya ukitoa Mbps 48 na simu ikatoa 15, usimpigie mtu wa mtandao. Hamia Wi-Fi ya 5 GHz, ambayo haina undugu wowote na 5G ya mnarani.

Wanaotumia bando la simu wajihadhari na vipimo vya kasi. Kipimo kinachofika Mbps 300 kwa sekunde 10 kinakula MB 375. Vipimo vitatu tu, GB moja imekwisha, na utasema kampuni imekuibia.

La nne ndilo halikuwa langu. Namba zote zikiwa nzuri, asubuhi saa kumi na mbili nilipata Mbps 49, saa nane mchana 37, na saa tatu usiku 9. SINR ilikuwa 14 nyakati zote tatu. Hiyo ndiyo dalili ya kushika: mawimbi hayabadiliki lakini kasi inaanguka usiku. Ama watu wamejaa kwenye mnara huo, ama njia inayotoka mnarani kwenda kituo kikuu ni nyembamba, mara nyingi kwa sababu antena za 5G zimefungwa kabla ya fiba kufika. Kinyume chake, kasi ikiwa ndogo saa zote na kugota kwenye namba ile ile, angalia kwanza kama hujavuka kiwango cha GB ambacho baada yake kifurushi kinabanwa.

Nilipima siku saba, mara tatu kwa siku, kwa waya. Kisha nilipiga 100, lakini sikusema mtandao uko chini. Nilisoma hivi: "Ruta ya 5G, 4G bendi ya 3, PCI namba hii, RSRP −91, SINR 14. Saa 12 asubuhi Mbps 49, saa 3 usiku Mbps 9, siku saba mfululizo, nimepima kwa waya. Naomba lipelekwe kwa wahandisi wa mtandao na nipewe namba ya lalamiko." PCI ni namba ya seli, iko ukurasa ule ule wa ruta, na ndiyo inayomwonyesha mhandisi ni antena ipi ya mnara. Baada ya kuitaja, habari ya zima uwashe haikurudi tena. Namba ya lalamiko usiikose: bila hiyo, ukienda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, watakuuliza kama ulianza kwa mtoa huduma, na hutakuwa na cha kuonyesha.

Wenye shida ya kupiga simu, si data, waangalie kioo wakati wa kupiga. Alama ya 4G ikigeuka E, simu yako haipigi kupitia 4G. Imeshuka hadi 2G, na data inasimama mpaka ukate. Hali hii huzidi pale kampuni inapochukua masafa ya 3G na kuyapa 4G au 5G. Washa VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G, kwenye mipangilio ya laini. Kama haipo, sasisha programu ya simu kwanza; simu zilizoletwa kutoka nje mara nyingi hazijafunguliwa VoLTE kwa mitandao yetu. Simu yenye laini mbili, jaribu kuhamishia laini kwenye nafasi ya kwanza. Laini ya miaka mingi ambayo haishiki hata 4G ibadilishwe dukani. Nenda na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na vidole vyako.

Jibu la lalamiko langu lilikuja siku ya kumi na mbili: njia inayotoka mnarani kwenda kituo kikuu ilikuwa ya mawimbi, si ya fiba, na sasa imeongezwa. Saa tatu usiku sasa napata kati ya Mbps 38 na 45. Umeme ukikatika mtaani, 5G inaondoka baada ya muda mfupi na 4G inabaki, na kwa kuwa niliiondoa, bendi ya 20 inabidi niirudishe kwa mkono.