Nilivyojifunza kusoma sifa za monita kabla ya kulipa

Kazi yangu ni kuhariri picha za harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) hapa Nairobi, kwa hiyo monita ndiyo jicho langu la pili. Nilipotaka kununua mpya, kila stika niliyokutana nayo Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, ilikuwa imejaa tarakimu: FHD, IPS, 75 Hz, 5 ms, 1000:1. Nikaazimia kila moja nijue inafanya nini machoni kabla sijatoa pesa.

Nilianza na pikseli, zile nukta zinazojenga picha. FHD ni 1920 kwa 1080, yaani nukta milioni 2 na kidogo, skrini iwe ndogo au kubwa. Kwenye inchi 24 zinabanana, kama 92 kwa kila inchi. Zitandaze kwenye inchi 27, zinabaki kama 82. "Dada, chukua hii kubwa, ndiyo inatoka sana," muuzaji akaniambia. Nikamwomba aziwashe zote mbili kando kwa kando, nikafungua kadi ileile ya mwaliko. Kwenye ile kubwa, mikunjo ya herufi ndogo ilikuwa na meno kama msumeno. Inchi 27 inataka 2560 kwa 1440, na bei yake nayo inapanda.

Paneli, yaani aina ya skrini yenyewe, ndiyo iliyonichukua muda. TN, VA na IPS zote ni LCD: taa iko nyuma, na fuwele za kimiminika zinaipitisha au kuizuia. Tofauti ni jinsi fuwele zinavyopangwa na kugeuka. Niliweka uso wa bibi harusi, nikachuchumaa chini ya meza. Kwenye TN uso uligeuka mweusi. Kwenye IPS ulibaki vilevile. VA ilinivutia kwa weusi wake, maana uwiano wake wa mwanga na giza huwa kama 3000:1, na suti ya bwana harusi ilionekana mikunjo yote. Ningekuwa mtu wa filamu za usiku ningeichukua. Lakini mimi huketi na wateja wawili watatu mbele ya skrini moja, na lazima wote waone rangi ileile ya ngozi, kwa hiyo IPS ndiyo ilinifaa.

Hz ni mara ngapi picha inachorwa upya kwa sekunde, ms (milisekunde) ni muda ambao nukta huchukua kubadilika. Wacheza gemu wazihangaikie. Kwa picha tulivu, 60 Hz inatosha kabisa.

Jambo kubwa kwangu halikuwa hata kwenye stika: sRGB, kipimo cha rangi kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Niliandika namba ya modeli, nikatafuta sifa zake kwa mtengenezaji, nikakuta inaonyesha asilimia 99 ya rangi za sRGB. Ikipungua sana, kitenge chekundu huonekana kimefubaa, nawe unakiongezea rangi isiyohitajika.

Mwisho nilijaza skrini weusi mtupu. Nukta moja nyekundu ikakataa kuzima pembeni kulia. "Kaka, nitolee nyingine." Akatoa, tukairudia nyeusi, nyeupe, nyekundu, ikawa safi. Nikalipa kwa M-Pesa.