Kipa wa Barafuni Kwenye Mchanga wa Malindi

Shemeji alitaka jibu la ndiyo au hapana. Alikuwa amekuja likizo kutoka Toronto, Agosti 2017, na hata chai hajamaliza akanionyesha kwenye simu ripoti ya kambi moja ya mazoezi ya huko kuhusu mwanawe: mdogo wa umbo, hana nguvu ya kuruka ghafla, aletwe tena mwakani, ada ile ile. Mtoto ana miaka kumi na mitatu, kipa wa hoki ya barafuni.

"Wewe umelea makipa hapa Malindi miaka yote," akaniambia. "Nitazamie kama ana kipaji, nisije nikamwaga pesa baharini."

Mimi barafu naijua ya kwenye juisi ya ukwaju. Lakini kipa ni kipa, na dada yangu alishanikazia jicho nisikatae.

Jioni maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu, kusi inavuma kiasi. Kijana alikuja na futi ya kushonea ya mama yake akapima goli lao: upana mita 1.83, urefu 1.22. Nikacheka. La kandanda ni 7.32 kwa 2.44, hilo lao ningejilaza tu nikaziba nusu.

"Lakini Mjomba, kinachokuja si mpira kama wenu," akasema. Ni kidude cha mpira mgumu, cha mviringo na bapa, unene sentimita 2.54, uzito gramu 170 hivi, na wakubwa hukipiga kikapita kilomita 160 kwa saa. Akachomeka vijiti viwili, akasimama katikati, magoti yamekunjwa.

Tulikuwa na mipira ya tenisi na vijana wa chandimu wa pale ufukweni, ambao kumrushia mtu kitu kwa nguvu hawangoji kubembelezwa. Mpira wa kwanza tu, kijana akashuka magotini, miguu imetanuka huku na huku. Wakamzomea: "Mbona waanguka hata hujapigwa?" Akawaeleza bila hasira kwamba mashuti mengi huja chini, na ukishuka hivyo pedi za miguuni zinaziba chini kote, linalobaki ni kufunga tobo kwa gongo la hoki, mikono ishughulike na juu.

Kuruka, hakuruka. Ripoti ilisema kweli hapo, ila waliomwandikia naona walikuwa wakitazama mikono. Mimi kipa humtazama miguu kwanza, kisha macho, kisha anachofanya akishafungwa. (Anayeruka ruka sana, mara nyingi ni kwamba kachelewa kufika.) Huyu alikuwa ameshasogea kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, hatua fupi fupi, nusu unyayo. Kisigino kikagusa kijiti cha kushoto, kikarudi, kikagusa cha kulia, na hakugeuka hata mara moja kutazama goli liko wapi. Hilo nimewafundisha vijana wa kandanda mpaka sauti ikanikauka. Na mpira uliomgonga haukumrudia mbele. Aliusukuma pembeni kabisa, pasipo na wa kumalizia.

Nikawanong'oneza wamrushie miwili kwa mpigo. Akafungwa. Akafungwa tena, safari hii kwa tobo, na ufuko mzima ukapiga kelele. Akauokota, akamrudishia mwenyewe, akagusa kijiti, akagusa cha pili, akainama. Uso ule ule. Aliyekunja ngumi ni babake.

Njiani akaniambia, "Baba anaona mimi ni mfupi." Kisha akaanza kunitajia makipa wake: Dominik Hašek, aliyechaguliwa na timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mwaka 1983 akiwa wa 199 katika foleni ya vijana wa mwaka huo, Henrik Lundqvist, 2000, wa 205, Pekka Rinne, 2004, wa 258, na Juuse Saros, mwenye mita 1.80 tu. Nami nikamtajia Mahamoud Abbas, "Kenya One", aliyekuwa golini wakati Kenya ilipochukua kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983. Hakuwahi kumsikia. Hilo liliniuma kuliko ile ripoti.

Asubuhi, mbele ya mahamri na mbaazi, shemeji akauliza tena. Nikamwambia macho anayo, miguu ya kazi hii anayo, na moyo wa kufungwa anao, ambao kwa umri wake ni adimu. Kimo na nguvu hakuna wa kukuambia kabla hajamaliza kukua, na anayekuambia leo anakuuzia kambi. Amtafutie mwalimu mmoja mzuri wa kuteleza barafuni, na kupimwa pimwa kukome kwa miaka miwili.

"Kwa hiyo ndiyo?"

"Kwa hiyo ngoja."

Hakulipenda. Dada alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kijana mwenyewe hakuwepo kusikia. Alishawafuata wale wenzake wa ufukweni, na nilipopita baadaye nilimkuta anacheza mbele. Golini alikataa katakata kukaa, na magoli ya wazi aliyakosa yote.