Fomu zilizoliwa na mchwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa barazani nachambua karanga, akaja kijana mmoja wa idara ya jiografia. "Mwangaluka, mayu." Nikajua hakuja kusalimia tu. Ana miaka miwili na ushee tangu amalize uzamivu na kupata uhadhiri, na kwa kawaida hapa nchini mtu hukaa angalau miaka mitatu kwenye cheo kabla ya kuomba kinachofuata. Anautaka uhadhiri mwandamizi. Nikamwuliza ninachomwuliza kila anayekuja: una nini mkononi?

Kichwani ana makala tano. Mkononi ana moja, nayo ina waandishi wanne.

Nimekaa na walimu wengi wa aina hii hapa Tabora, na sijaona aliyekwama kwa uvivu. Wanafundisha madarasa yaliyofurika, wanasahihisha mitihani hadi usiku wa manane, likizo wanakwenda Nzega na Urambo kukagua wanafunzi walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Kinachowakwamisha ni kwamba siku walipoajiriwa hakuna aliyewaambia kuwa kamati ya kupandisha vyeo haikujui. Inakusoma kwenye karatasi.

Mimi nililijifunza hilo vibaya. Fomu ambazo wanafunzi walitathmini ufundishaji wangu, mihula minne, nilizihifadhi kwenye boksi chini ya meza ya ofisi. Wakati wa kuomba ulipofika nikalivuta. Upande wa juu ukaja, wa chini ukabaki sakafuni. Mchwa walikuwa wameshajenga njia yao ya udongo kutoka ukutani. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa nzima, jina la somo linasomeka vizuri, na chini yake hamna kitu ila udongo mwekundu. Nakala nazo hazikupatikana. Nikasubiri mwaka mzima nikusanye nyingine, na niliumia sana.

Basi tukachukua kalenda ya zamani, tukaigeuza, tukahesabu kurudi nyuma kuanzia mwezi anaotaka kuomba. Makala ikitumwa kwenye jarida lenye wahakiki wa kweli inaweza kumaliza mwaka mzima kabla haijatoka: inasomwa, inarudishwa, unarekebisha, unangoja tena. Kwa hiyo makala anayoitegemea mwakani ilipaswa iwe imeshatumwa. Alinyamaza hapo, nami sikutaka kumfariji haraka. Nikamwambia asogeze maombi mbele kwa mwaka mmoja, ajipange vizuri, kuliko kukimbilia yale majarida yanayochapa ndani ya wiki ukishalipa. Wahakiki hawana, na kamati ikishtuka, kazi yako ya jasho inahesabiwa sifuri.

Kisha nikamwuliza Sikonge anakwenda kufanya nini kila msimu wa kurina asali. Uso ukabadilika! Akaeleza karibu saa nzima habari za wafugaji nyuki: mizinga ya magogo, nani ameacha na kwa nini, miti gani ya miombo imepungua karibu na vijiji. Madaftari matatu yamejaa. Hajawahi kuyaona kama makala, anayaita "mambo yangu ya wikiendi". Tukaona humo mna makala mbili anazoweza kuandika peke yake, bila kugawana alama za kupandishwa cheo na mtu. Ya kwanza tumeipangia ikamilike kabla muhula mpya haujaanza, maana muhula ukishaanza haandiki, namjua. Ya pili itafuata likizo ya mwakani.

Mambo mengine tuliyapitia haraka: barua za kuteuliwa kwenye kamati, wanafunzi aliowasimamia, semina alizowasilisha. Vyote apige picha kwa simu siku anapovipata, ajitumie kwa barua pepe.

Jumatatu asubuhi akanitumia picha. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ile ya lita ishirini, imewekwa juu ya kabati, na ndani yake fomu za tathmini za muhula uliopita zikiwa na mhuri wa idara.